Nafasi ya Newala

Niliingia chuo cha waganga wasaidizi kwa nafasi ya msichana wa Newala, na wakati huo nilikuwa sijawahi kufika Newala. Nilizaliwa Temeke, nikasoma Temeke na mjini, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Bagamoyo na kurudi siku hiyohiyo. Msichana wa Newala hasa alikuwepo. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ileile, chini ya langu, na mbele yake neno "akiba". Siku tulipoisoma karatasi hiyo alikuwa amesimama kando yangu, amevaa gauni langu.

Nieleze kwa utaratibu.

Baba alitoka Newala akiwa kijana, akaja Dar es Salaam, akawa fundi seremala katika karakana moja ya Keko. Mama alikuwa Mzaramo wa Mbagala. Walipanga vyumba viwili Temeke, katika nyumba yenye ukumbi mrefu katikati na ua nyuma, na humo ndimo nilimozaliwa. Mtaani kwetu mtu akikutana nawe mara ya kwanza hakuulizi unakaa wapi, maana anaona unakokaa. Anakuuliza, "Kwenu wapi?" Na kwenu maana yake ni alikotoka baba yako. Mtoto wa chumba cha jirani, ambaye hajui hata njia ya kwenda mjini, alijibu "Bukoba" bila kusita. Mimi nilijibu Newala. Nilimjibu hivyo mwalimu wa darasa la kwanza, nikamjibu hivyo muuguzi wa kliniki, nikawajibu hivyo majirani wapya kila walipohamia. Halikuwa jibu la kufikiri. Lilitoka kama marahaba inavyotoka baada ya shikamoo.

Nilipokuwa kidato cha nne tuliletewa fomu za kuomba vyuo. Miongoni mwa mistari ya kujaza kulikuwa na mmoja ulioandikwa "Wilaya unakotoka".

"Mwalimu, hapa tunaandika tunakokaa au tulikozaliwa?" mmoja wetu aliuliza.

Mwalimu hakuinua macho kutoka kwenye daftari la mahudhurio. "Andikeni kwenu. Mnataka niwafundishe na kwenu?"

Tukacheka, tukaandika. Rafiki yangu aliyekaa kulia kwangu, mtoto wa Temeke kama mimi, aliandika Moshi kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa Moshi. Msichana mmoja tu, Mzaramo wa Kinondoni, aliinua mkono tena.

"Mie kwetu hapahapa, mwalimu."

"Basi andika hapahapa."

Darasa zima likamcheka, eti hana kwao. Nimeukumbuka mzaha huo mara nyingi. Huenda yeye peke yake ndiye aliyeujaza mstari ule sawasawa.

Jambo ambalo hakuna aliyetueleza, na nadhani mwalimu mwenyewe hakulijua, ni kazi ya mstari huo. Nafasi za chuo zilikuwa zimegawanywa kwa wilaya. Wilaya zenye shule nyingi za sekondari zilitoa watoto wengi waliofaulu, kwa hiyo alama za kuchaguliwa huko zilikuwa za juu. Wilaya zenye shule chache zilitengewa nafasi zao, ili mtoto wa huko asishindanishwe na mtoto aliyesoma penye maabara na maktaba. Naye akishamaliza chuo alitakiwa kurudi wilayani kwake, akahudumie zahanati. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanzishwa kila upande, na kila kijiji kilitaka mganga. Sikuwa na ubishi na mgawanyo huo, na sina hadi leo. Ila ulisimama juu ya neno moja, na neno hilo sisi wa Dar es Salaam tulikuwa tumezoea kulitumia kwa namna yetu.

Fomu ilipaswa kupita kwa balozi wa nyumba kumi, athibitishe yaliyoandikwa. Balozi wetu alikuwa fundi cherehani. Siku niliyozaliwa yeye ndiye aliyekwenda mbio kumwita mkunga, na hadithi hiyo alipenda kunisimulia kila aliponiona. Safari hii pia alinisimulia. Kisha akasogeza fomu kwenye mwanga.

"Kwenu si Newala?"

"Ndiyo, Newala."

"Haya." Akagonga muhuri.

Mtu aliyemwita mkunga alithibitisha kwamba natoka Newala, na wala hakusema uongo kama alivyoelewa yeye. Mimi pia sikusema uongo.

Baada ya mtihani, tukiwa tunasubiri matokeo, binti wa shangazi yangu alikuja kututembelea. Yeye alimaliza kidato cha nne mwaka uleule, katika shule ya bweni huko kusini. Mvua ilikuwa imekata barabara upande wa Rufiji, kwa hiyo alikuja kwa meli kutoka Mtwara. Alinizidi miezi michache, nikawa namwita dada; lakini mabinamu ni watani, na utani ulianza siku hiyohiyo, aliponikuta nakinga maji bombani.

"Kumbe ndiye wewe Mnewala wa bombani?"

"Na wewe ndiye uliyetapika kutoka Mtwara mpaka gatini?"

"Nimetapika vya kwetu. Vya kwenu bado sijala."

Kwao maji yalichotwa bondeni, na kushuka na kupanda kulimaliza nusu ya asubuhi. Kwetu bomba la mtaa lilikuwa hatua chache kutoka mlango wa uani. Kila alfajiri aliamka kabla ya mama, akajaza kila chombo alichokiona: ndoo, mtungi, masufuria, hata birika la chai.

"Mwanangu, bomba halihami," mama alimwambia.

"Nimesikia, mkaza mjomba." Na kesho yake akajaza tena.

Siku moja tulikaa ukumbini tukalinganisha madaftari ya kemia. Lake lilikuwa safi kuliko langu. Mwalimu wao wa kemia alihamishwa walipokuwa kidato cha tatu na hakuletwa mwingine, hivyo walinakili madaftari ya waliowatangulia, neno kwa neno. Alikuwa amechora mirija, chupa na taa ya gesi ya maabara kwa rula, michoro mizuri kuliko ya kitabuni.

"Taa hii ukiiwasha inalia?" aliniuliza.

"Inavuma kidogo."

"Mie nimeichora mara mia. Sikujua kama ina sauti."

Akafunua ukurasa mwingine, wenye maelezo ya kopa salfeti. "Na hii bluu yake ipoje? Ya wino au ya mbingu?"

Nikamweleza nilivyoiona. Ni chenga zinazong'aa. Ukizichoma zinakuwa unga mweupe, ukidondoshea maji zinarudi kuwa bluu. Aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Si mrututu huo?"

"Mrututu ndiyo nini?"

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mrututu aliujua tangu utotoni. Bibi yake aliufunga kwenye kitambaa na kuutumia kwa vidonda vya miguu. Alikuwa ameushika mkononi miaka yote hiyo, akaukariri kwa jina la Kiingereza miaka miwili, na hakutokea mtu wa kumwambia kwamba ni kitu kimoja. Mimi niliyeuchoma maabara sikujua kama kuna mahali watu wanatibia nao. Tofauti ni kwamba mtihani uliuliza kuhusu kopa salfeti. Kuhusu mrututu haukuuliza.

Matokeo yalipotoka, alama zangu zilizidi zake kidogo. Wiki chache baadaye majina ya waliochaguliwa chuoni yakabandikwa kwenye ukuta wa nje wa ofisi moja mjini. Tulikwenda pamoja asubuhi. Nguo yake nzuri ilikuwa haijakauka, ndiyo maana alivaa gauni langu la maua.

Majina yalipangwa kwa wilaya. Nilijitafuta Temeke. Sikujiuliza kwa nini natafuta huko. Nilipitisha kidole juu hadi chini, mara mbili, sikujiona. Dada akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Njoo. Uko huku kwetu."

Newala ilikuwa na nafasi moja ya msichana. Mbele yake kulikuwa na jina langu. Chini yake, neno "akiba", kisha jina la dada. Mwisho wa karatasi waliandika kwamba aliyechaguliwa akijitoa, nafasi itachukuliwa na wa akiba wa wilaya hiyo. Dada alikuwa msomaji wa haraka, lakini pale alisoma polepole, kisha akarudia.

"Uliandika kwenu Newala?"

"Si ndiko kwetu?"

"Njia ya kushukia bondeni, kwenye maji, inaanzia kwa nani?"

Sikujua.

"Nauliza tu," alisema. "Huenda watakuuliza huko chuoni."

Alilisema kama utani, na nilisubiri acheke. Hakucheka.

Rafiki yangu aliyeandika Moshi naye alikuwepo, anatafuta jina lake kwa mara ya tatu. Alama zake zilikuwa juu ya zangu, lakini katika orodha ya Moshi hazikufika popote. Pengine angeandika Temeke angepata. Alitusalimia, akaniambia hongera, akaondoka peke yake. Mstari uleule ulioniingiza mimi ulimtoa yeye.

Nilimwambia dada anisubiri, nikaingia ndani. Karani alikuwa mtu mzima mwenye rula ndefu ya mbao, ambayo aliitumia kufuata majina kwenye madaftari yake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Enhe?"

"Nimejaza wilaya vibaya. Nimeandika Newala."

"Umezaliwa wapi?"

"Temeke."

"Umesoma wapi?"

"Temeke. Na sekondari hapa mjini."

"Sasa Newala imeingiaje?"

"Ndiko kwetu."

Aliweka rula chini, akacheka bila ubaya. "Hata mie kwetu Songea. Wanangu hawaijui." Kisha akafunua daftari la Temeke, akateremsha rula mpaka ikasimama. "Alama zako hizi. Mwisho wa Temeke ni hapa juu. Ukitoka Newala, mwanangu, umetoka kabisa, huna pa kuingia. Ukitaka kujitoa andika barua, ilete hapa kabla ya siku ya kuripoti. Kwa mdomo siwezi kukufuta."

Jioni tulikaa wanne ukumbini, na nikasema yote kama nilivyoyasikia. Mama ndiye aliyetangulia kusema.

"Mtoto wangu hakumwibia mtu. Kaulizwa kwao, kataja kwao. Kosa lake liko wapi?"

Baba alikuwa anapitisha kidole gumba ukingoni mwa meza, kama afanyavyo kupima ubao. "Kwetu sisi," alisema, "mtoto ni wa upande wa mama yake. Wenye sauti juu yake ni wajomba. Huyu," akanionyesha mimi, "kwa mila ya Newala si wa kwetu. Ni wa Mbagala. Wangu mimi ni huyu mpwa wangu."

"Aa! Kumbe miaka yote hii unawalea watoto wa kaka zangu?" mama akasema. "Nitawaambia waje wakushukuru."

Hata baba alicheka. Dada akadakia, "Basi kwa mila ni wa Mbagala, kwa fomu ni wa Newala."

"Na kwa uchungu wangu mie ni wa chumba hikihiki," mama akajibu.

Kicheko kilipokwisha kila mtu alirudi kwenye jambo lenyewe. Baba alimtazama dada, akanitazama mimi. "Mie baba yako nitakwambia nenda," alisema. "Lakini mie ni mjomba wake pia, na mjomba wa mtu hawezi kukwambia nenda." Akasema aliyejaza fomu ndiye wa kuamua.

Alfajiri iliyofuata nilimfuata dada bombani. Alikuwa ameshajaza vyombo vitatu.

"Unataka nijitoe?"

"Usiniulize mie hilo," alisema, macho yake kwenye ndoo. "Nikikwambia jitoe, nitakuwa nimekunyang'anya. Nikikwambia nenda, nitakuwa nimekudanganya." Ndoo ilijaa, akaisogeza, akaweka nyingine. "Neno moja tu. Ile nafasi ina kurudi. Ukienda, urudi Newala. Usije ukaandika tena kwenu kwingine."

Siku hiyo niliandika barua. Ilikuwa na sentensi tatu: nilijaza wilaya kimakosa, ninajitoa, naomba nafasi apewe aliye katika akiba. Niliinakili mara mbili kwa mwandiko mzuri. Sasa jambo ninalotaka niliseme waziwazi ni hili: ofisi niliijua. Mlango niliujua, karani nilimjua, hata rula yake. Sikuwa na kazi yoyote wiki ile. Ningeweza kwenda mwenyewe na kurudi kabla ya adhuhuri. Barua hiyo nilimpa baba.

"Baba, nipelekee hii."

Aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati, ule aliokuwa akiwekea penseli yake ya useremala, akaenda kazini. Jioni aliporudi mfuko ulikuwa na penseli tu.

"Umeipeleka?"

"Nimeifikisha."

Hakusema wapi, nami sikuuliza.

Jibu halikuja. Dada, niliyekwisha kumwambia habari ya barua, alisubiri. Hakusema kwamba anasubiri, lakini kila tarishi wa posta alipopita mtaani alisimamisha kazi. Kisha zikaja habari kutoka kwao kwamba shule za vijiji zinatafuta waliomaliza kidato cha nne wafundishe, na kwamba asichelewe. Meli ilikuwa inaondoka siku tano kabla ya siku yangu ya kuripoti. Tulimsindikiza bandarini. Aliniachia daftari lake la kemia.

"Michoro yako mibaya," alisema. "Chukua hii, ukaiangalizie."

Siku mbili baadaye nilikwenda kuitazama karatasi ukutani. Jua lilikuwa limeanza kuigeuza rangi. Jina langu lilikuwa palepale. Sikuingia ndani. Nilirudi nyumbani, mama akanifungia sanduku, na siku ilipofika nikaripoti chuoni.

Nilisoma, nikafaulu, nikapangiwa zahanati Newala kama mkataba ulivyosema. Siku ya kwanza nilimwomba shangazi anionyeshe maji yanakochotwa. Njia ya kushukia bondeni inaanzia ubavuni mwa nyumba yake, hatua tatu kutoka jikoni. Nikaielewa vizuri zaidi ile asubuhi ya ukutani.

Dada alikuwa mwalimu katika shule ya kijiji kile. Juu ya meza ya darasa lake kulikuwa na chupa ya mrututu, na ubavuni mwake amebandika majina yote mawili. Aliwaleta wanafunzi wake zahanati kila muhula, akawasimamisha mbele ya kabati la dawa, akanitaka niwaambie kila kitu kinaitwaje kwa kitabu na kinaitwaje kwao. Mara nyingi wagonjwa walipopata ugumu wa kunieleza kwa Kiswahili wanachoumwa, yeye ndiye aliyenifasiria. Alielewa haraka kuliko mimi. Nilikaa Newala miaka mingi kuliko mkataba ulivyonitaka, na watu waliponiuliza kwenu wapi, nilisema Temeke. Habari ya barua tuliigusa mara moja tu, tukiwa tunapepeta mchele kwa shangazi.

"Hivi ulipata kuitwa?" nilimuuliza. "Kwa ile akiba?"

"Mie? Sikuitwa."

Akaendelea kupepeta.

Baadaye sana nilirudi chuoni kuchukua nakala ya cheti. Mhudumu wa masijala alinipa faili langu nikiwa nasubiri muhuri. Nililifungua. Karatasi zilikuwa kwa utaratibu: matokeo, cheti cha afya, mkataba, fomu. Kila moja ilikuwa imebanwa kwa pini kwenye nyingine. Fomu yangu ilikuwa ya mwisho. Kwenye pembe yake ya juu, pasipokuwa na pini, kulikuwa na matundu mawili na mchirizi wa kutu kati yake. Hapo palibanwa kitu wakati fulani, na kitu hicho hakikuwemo tena. Barua yangu ya sentensi tatu haikuwemo popote katika faili. Chini yake, kwenye mstari wa wilaya, mwandiko wangu wa kisichana ulisema Newala, na muhuri wa balozi ukasema ndivyo.

Nilimwonyesha mhudumu. Alisema yeye alilikuta hivyo.

Baba alikuwa hai wakati huo, ameacha kazi, anashinda uani akitengeneza vigoda vya jirani. Nilimwambia nimeliona faili langu.

"Liko sawa?"

Nikamwambia kuna alama ya pini isiyo na karatasi. Alikigeuza kigoda, akapitisha kidole gumba ukingoni.

"Pini za siku zile zilikuwa mbovu," alisema. "Zilishika kutu upesi."